Gesi ya Momba Isiyokubali Kuganda

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma kwa barabara kuu hufika Mlowo, na hapo, akipenda, huweza kugeuka kulia akafuata barabara ya Kamsamba. Barabara hiyo hupita katikati ya mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka kwenye tambarare ya Ziwa Rukwa, ambako jua halina huruma na hewa ni nzito. Huko ndiko iliko Ivuna, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe.

Ivuna si mji mkubwa, na wengi wetu hatujapata kuusikia. Lakini wataalamu wa nchi za mbali wanalijua jina hilo vizuri. Wanaochimbua mambo ya kale wanalijua kwa sababu ya chumvi, kwani wamekwisha kuthibitisha kwamba wenyeji walikuwa wakipika chumvi kutoka katika maji ya chemchemi zile karne nyingi kabla ya ukoloni. Wachunguzi wa anga wanalijua kwa sababu ya kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938, chenye uzito usiofika hata kilo moja, lakini ambacho ni miongoni mwa vimondo adimu kuliko vyote duniani. (Kile kikubwa cha Ndolezi, Mbozi, kinachotazamwa na wageni, ni kingine.) Na siku hizi limeongezeka kundi la tatu, la watu wanaokuja kuyatazama mapovu.

Naam, mapovu. Katika chemchemi za moto za bonde hilo gesi hutoka ardhini na kupasuka juu ya maji, na mpita njia asingeona ajabu yoyote. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni naitrojeni, ile ile iliyojaa katika hewa tuivutayo. Lakini ndani yake imo heliamu, na wanajiolojia walikwisha kuliandika jambo hilo tangu miaka ya 1960. Katika baadhi ya chemchemi vipimo vimeonyesha heliamu ya karibu asilimia 10. Kwingineko duniani, gesi yenye heliamu hata chini ya asilimia moja huhesabiwa kuwa inafaa kushughulikiwa.

Heliamu hiyo imezaliwa na miamba yenyewe. Miamba ya kale sana iliyo chini ya nchi yetu ina chembe za uranium na thorium, ambazo huchakaa polepole kwa mamilioni ya miaka, na kila zinapochakaa hutoa heliamu kidogo. Gesi hiyo ingebaki imefungwa ndani ya mwamba milele, lakini joto la volkano za Bonde la Ufa liliutikisa mwamba na kuiachilia. Haya yalielezwa mwaka 2016 na watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford, wakishirikiana na kampuni ya Helium One. Walikadiria kwamba sehemu moja tu ya bonde hilo ina futi za ujazo bilioni 54 za heliamu, wakati ambapo dunia nzima hutumia futi za ujazo bilioni 8 hivi kwa mwaka.

Magazeti ya ulimwengu yalishangilia. Hata hivyo, kadirio ni kadirio. Kisima cha kwanza, Tai-1, kilichochimbwa mwaka 2021, kilionyesha dalili za heliamu lakini gesi haikutiririka kama ilivyotumainiwa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2024, katika kisima cha Itumbula, ndipo gesi ikafika juu yenyewe, ikiwa na heliamu ya asilimia 4.7. Mwaka 2025 leseni ya kuchimba ikatolewa. Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo la kadirio, kwa sababu ndilo tutakalolizungumza leo, ingawa si kadirio la futi wala la fedha.

Baridi isiyogandisha

Watu wengi wanadhani heliamu ni gesi ya kupulizia maputo ya harusi. Hayo ndiyo matumizi yake duni kabisa. Thamani yake ya kweli huonekana inapopozwa mpaka ikawa kimiminika, jambo lililofanywa kwa mara ya kwanza na Heike Kamerlingh Onnes, katika mji wa Leiden, Uholanzi, tarehe 10 Julai 1908. Heliamu huchemka ikiwa na baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna kimiminika kingine chenye baridi kama hiyo, na ndiyo sababu mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ubongo na uti wa mgongo kwa nguvu za sumaku huihitaji. Mashine nyingi za aina hiyo hubeba zaidi ya lita 1,000 za heliamu, ili sumaku yake ifanye kazi bila kupoteza umeme.

Sasa liko jambo la ajabu. Maji ukiyapoza huganda. Mafuta ya nazi huganda, hata damu huganda. Lakini heliamu, hata uipoze namna gani, haigandi. Ukitaka igande, baridi peke yake haitoshi, hapana budi uibane pia kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa yetu mara 25. Kwa nini?

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba joto ni mtikisiko wa chembe, na kwamba ukiondoa joto chembe hutulia. Hiyo ndiyo fizikia ya Isaac Newton, ambayo wataalamu huiita ya klasiki: kila kitu kina mahali pake na mwendo wake, nawe ukivijua vyote viwili unaweza kutabiri kitakapokuwa kesho. Kwa gurudumu la lori na kwa jiwe la kombeo sheria hizo hazina kasoro. Lakini mnamo miaka ya 1920 ilidhihirika kwamba chembe ndogo hazitii. Werner Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba chembe haiwezi kuwa na mahali kamili na mwendo kamili kwa wakati mmoja. Kadiri unavyoibana mahali padogo, ndivyo inavyozidi kutetemeka. Hii ndiyo fizikia ya kwanta.

Basi atomu ya heliamu ni nyepesi, nayo haipendani sana na wenzake. Ili zigande, atomu hizo zingepaswa kila moja ikae mahali pake kama watu katika gwaride. Lakini zikibanwa namna hiyo hutetemeka kwa nguvu inayotosha kuvunja safu. Mtetemo huo hautokani na joto, na kwa hiyo baridi haiwezi kuuondoa.

Pengine msomaji atasema kwamba heliamu ni kitu cha mbali, nasi tuna maji ya kunywa. Basi tutazame hayo maji. Yako maji ya namna ya pili, yaitwayo maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina uzito mara mbili ya ile ya kawaida. Kani zinazozishika molekuli zake ni zile zile. Kwa sheria za Newton, uzito wa atomu hubadilisha kasi tu, haubadilishi halijoto ya kuganda. Ingepaswa yagande kwenye nyuzi sifuri. Lakini huganda kwenye nyuzi 3.8. Tofauti hiyo ndogo ni ushahidi, uliomo hata katika mtungi wa nyumbani, kwamba maji yanatembea kwa sheria ambazo Newton hakuziandika.

Hesabu inayoishinda dunia

Mtu asiyependa kupoteza wakati atauliza: ikiwa sheria mpya zinajulikana tangu miaka ya 1920, kwa nini zisitumiwe tu? Sheria kweli zipo. Lakini kwa kimiminika kizima kompyuta yoyote huelemewa nazo.

Tuchukue mfano wa foleni ya malori ya Tunduma, ambayo kila aliyepita mpaka wa Zambia anaijua. Tuseme lori moja linaweza kuwa katika sehemu kumi za barabara. Ili kulieleza kwa sheria za kwanta, huandiki mahali lilipo, bali unaandika tarakimu kumi, moja kwa kila sehemu ambapo lingeweza kuwa. Yakiwa malori mawili, tarakimu hazifiki ishirini tu. Zinakuwa mia moja, kwa sababu lazima uandike kila namna ambavyo mawili hayo yanaweza kukaa kwa pamoja. Yakiwa matatu ni elfu moja. Sasa atomu si lori, nayo huenda mbele, pembeni na juu. Atomu ishirini tu, kila upande ukipewa alama kumi, zinahitaji tarakimu ambazo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 60. Dunia yetu nzima, pamoja na bahari na milima yake, ina atomu ambazo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 50 hivi. Hata kama kila atomu ya dunia ingekuwa ukurasa wa daftari, daftari lisingetosha kuandika mwendo wa tone lisiloonekana kwa macho.

Kwa sheria za Newton, kinyume chake, kazi ni nyepesi. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mwana wa India aliyefanya kazi katika maabara ya Argonne, Marekani, aliweza kufuata mwendo wa atomu 864 za kimiminika cha argon katika kompyuta ya zama zile, hatua kwa hatua. Siku hizi mamilioni ya atomu hufuatwa.

Hapo basi ndipo wanasayansi walipojikuta mpakani. Upande mmoja hesabu rahisi lakini ya uongo kidogo. Upande wa pili hesabu ya kweli lakini isiyofanyika. Nao walifanya kama wafanyavyo watu wa Tunduma na Nakonde, ambao hawakuhamia upande wowote, bali hununua huku kwa shilingi na kule kwa kwacha. Makadirio yao huitwa ya nusuklasiki: mwendo hukokotolewa kwa Newton, na kile ambacho Newton hakijui hukopwa kutoka kwa kwanta. Ziko namna kadhaa za kukopa.

Namna moja ilitokana na kazi ya Eugene Wigner ya mwaka 1932. Mwanzo wa hesabu, kila atomu hupewa mtetemo wake wa kwanta, kisha huachwa iende zake kwa sheria za Newton. Kwa muda mfupi sana matokeo huwa mazuri. Lakini subira kidogo, na kasoro hujitokeza, nayo akina mama wa Mbozi wataielewa upesi kuliko maprofesa. Katika nyumba ya mkulima yapo mahindi ya kula na yapo mahindi ya mbegu, yaliyohifadhiwa juu ya moshi wa jiko, ambayo hayaguswi hata kwa njaa. Ule mtetemo wa kwanta katika kiungo cha oksijeni na haidrojeni ni mbegu. Haupunguzwi wala hautumiki. Lakini Newton hajui mbegu wala chakula, kwake yote ni mahindi. Basi nguvu iliyohifadhiwa katika kiungo huanza kuvuja na kuingia katika mwendo wa molekuli, na maji yaliyomo katika kompyuta hupata joto ambalo hakuna aliyeliwasha. Uvujaji huo ulipimwa kwa makini mwaka 2009, na tangu hapo hakuna mtafiti mwangalifu anayeupuuza.

Namna nyingine, iliyotiwa nguvu na William Miller wa Berkeley mwaka 1970, na baadaye na Herman na Kluk mwaka 1984, hufuata njia nyingi za Newton kwa pamoja, na kila njia huchukuliwa kama wimbi. Mawimbi yakikutana huongezeana au huuana. Ni namna nzuri ajabu kwa molekuli moja au mbili. Kwa kimiminika, mawimbi yanayouana ni mengi mno hata jibu hupotea katika kelele. Sitaisema zaidi.

Shanga

Namna ya tatu ndiyo iliyonivutia kuliko zote, kwa sababu bibi zetu wangeweza kuifafanua.

Mwamerika Richard Feynman alionyesha kwamba chembe ya kwanta yenye joto fulani inaweza kuhesabiwa kama mkufu. Badala ya atomu moja, weka shanga kadhaa, uzifunge kwa uzi unaonyumbuka, kisha uunganishe mwisho na mwanzo. Mwaka 1981 David Chandler na Peter Wolynes walieleza wazi kwamba kimiminika cha kwanta na kimiminika cha mikufu hiyo hulingana kabisa katika mambo ya utulivu, kama vile umbali kati ya atomu na atomu. Mkufu ukiwa na joto hujikunja ukawa kama nukta, na hapo Newton anatosha. Kadiri baridi inavyozidi na atomu inavyokuwa nyepesi, mkufu hutanuka. Kwa haidrojeni ya maji ya kawaida, shanga thelathini hivi hutosha. Msomaji ataona kwamba kazi imeongezeka mara thelathini tu, wala hatuna tena habari ya sifuri 60.

Lakini hayo ni ya utulivu. Mwendo je? Mwaka 2004 Ian Craig na David Manolopoulos, katika Chuo Kikuu cha Oxford, walithubutu jambo ambalo halikuwa na uthibitisho kamili: waliiacha mikufu hiyo itembee kwa sheria za Newton, wakauchukua mwendo wake kuwa ndio mwendo wa kimiminika. Mwaka uliofuata, Manolopoulos na Thomas Miller waliujaribu ubunifu huo kwa haidrojeni iliyo kimiminika, ambayo Newton peke yake huipunguzia mwendo mno, na jibu likakaribiana na vipimo vya maabara.

Kisha wakarudi kwenye maji, na hapo wakakuta somo. Watu walikuwa wakiamini kwamba kwanta huyafanya maji yatembee haraka zaidi kwa nusu nzima, yaani asilimia 50. Mwaka 2009 hesabu ya shanga, ikitumia molekuli ambazo viungo vyake vinanyumbuka, ilionyesha kwamba ongezeko ni la asilimia 15 tu. Sababu ni kwamba kuna mvutano wa kamba. Mtetemo mmoja hulegeza mshikamano wa molekuli na molekuli. Mtetemo wa pili hurefusha kidogo kiungo cha oksijeni na haidrojeni, na hivyo huukaza mshikamano ule ule. Pande mbili zenye nguvu huvutana, na kinachoonekana nje ni mabaki ya mvutano. Aliyetazama mabaki tu angedhani kwamba ndani ya maji hakuna kinachotokea.

Shanga nazo zina kasoro yake, nami sipendi kumficha msomaji. Uzi unaofunga shanga hutetemeka wenyewe, na mtetemo wa uzi si kitu kilichomo katika maji, ni kifaa cha mhesabu. Watafiti walipojaribu kuhesabu rangi za mwanga usioonekana ambazo maji huzimeza, waliona alama ambazo hazimo katika maji yoyote duniani. Wengine wangeziandika kuwa ni uvumbuzi. Hawa walichunguza, wakatambua mwaka 2008 kwamba ni sauti ya uzi wao wenyewe, na mwaka 2014 Rossi, Ceriotti na Manolopoulos wakapata njia ya kuituliza kwa kuuwekea uzi huo msuguano.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kati ya kadirio na ubahatishaji. Kisima cha Tai-1 kilifanya kazi kama hiyo kwa futi bilioni 54 za mwaka 2016: kilitia kadirio ardhini likapimwa. Si aibu kadirio kupungua au kubadilika. Aibu ni kulitangaza bila kusema mahali linapokoma.

Turudi kwenye heliamu, maana huko ndiko shanga zinakokwama. Atomu za heliamu hufanana kabisa, hata asili yenyewe haiwezi kusema hii ni ya kwanza na hii ni ya pili. Kwa hiyo mkufu wa atomu moja si lazima urudi mwanzoni mwake. Huweza kuishia katika mkufu wa jirani, na wa jirani katika wa mwenzake. Feynman alilieleza hilo mwaka 1953. Kwenye nyuzi 271 hivi chini ya sifuri, mikufu iliyoungana huenea chombo kizima, na kimiminika hugeuka tabia: hupita katika tundu jembamba bila msuguano wowote, hupanda ukuta wa kikombe na kujimwaga nje. Tabia hiyo ilitangazwa Januari 1938 na Pyotr Kapitza wa Moscow, na pia na Allen na Misener wa Cambridge, miezi kumi na moja tu kabla ya kile kimondo kuanguka Ivuna.

David Ceperley na mwenzake Pollock walizihesabu shanga hizo za heliamu katika miaka ya 1980, na majibu yao kuhusu joto na utulivu yalikubaliana vizuri na maabara. Lakini ile mbinu ya mwaka 2004, ya kuiacha mikufu itembee, iliundwa kwa chembe zinazoweza kutofautishwa. Kwa heliamu iliyofikia baridi ile, ambapo mikufu imeungana, mwendo wake wa dakika kwa dakika bado haujapata hesabu ya kuaminika. Gesi inayopasuka katika mapovu ya Momba, ikipozwa, huwa kimiminika ambacho wakuu wa hesabu wa Oxford na Berkeley bado hawajakimaliza.

Wazazi wataniuliza kama kazi hiyo si ya matajiri wenye maabara. Kompyuta ni lazima, lakini vifaa vingi havinunuliwi. Programu iitwayo i-PI, iliyotolewa mwaka 2014 na Ceriotti, More na Manolopoulos kwa ajili ya hesabu hizi za shanga, hupatikana bila malipo, na mfano mdogo wa maji huweza kuendeshwa hata katika kompyuta ya kawaida ya mezani, ukiachwa usiku kucha. Wala nchi hii si ngeni katika maswali ya vimiminika. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, mwaka 1963, alipoona maziwa ya moto yakitangulia kuganda, akachekwa, akaendelea kuuliza, mpaka mwaka 1969 alipochapisha makala pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Tunduma au Vwawa anayesoma fizikia leo anahitaji hisabati ya mwaka wa pili wa chuo, uvumilivu, na mtu wa kumwonyesha mahali pa kuanzia. Mahali pazuri pa kuanzia ni ile haidrojeni ya mwaka 2005, kwa kuwa jibu lake limekwisha kuchapishwa, naye anaweza kulinganisha.